Mtoto wa rais mstaafu akichukua fomu ya urais: tumzuie au tumwache apigiwe kura?

#1 Kalamu Nzito (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Hoja hii nimekaa nayo muda mrefu, leo naitua hapa. Naona familia ikishatoa rais, basi mtoto, mwenzi au ndugu wa damu asigombee urais mpaka ipite miaka 20 tangu mwenzao aondoke madarakani. Sisemi wanyimwe ubunge wala uwaziri. Nasema urais tu.

Tazameni wenyewe. Gabon, Omar Bongo kaingia 1967, kafia madarakani 2009, akaja mwanawe Ali mpaka jeshi lilipomtoa Agosti 2023. Miaka 56, nyumba moja. Togo, Eyadéma 1967 mpaka 2005, tangu hapo ni mwanawe Faure. Kongo, Laurent-Désiré Kabila aliuawa Januari 2001, na siku chache baadaye mwanawe Joseph yuko kitini akiwa na miaka 29. Chad 2021 baba kafa, mwana kashika. Guinea ya Ikweta mtoto ni makamu wa rais wa baba yake mzazi.

Jamhuri maana yake nchi ni ya umma. Kama kiti kinahamishwa kutoka chumba cha baba kwenda chumba cha mwana, kwa nini tunasumbuana na daftari la wapiga kura? Nipingeni kwa hoja.

#2 Kisu Butu

Mkuu, hao wote uliowataja tatizo lao si ukoo. Tatizo ni kwamba hakukuwa na uchaguzi wa kweli. Mtoe Ali Bongo, weka mtu baki aliyechaguliwa na majenerali, utapata kile kile. Chukua mfano wa mahali ambapo kura inahesabiwa inavyopigwa, halafu turudi kujadili.

#3 Dada Mkuu

Wahenga walishasema, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Mtoto wa daktari akiwa daktari tunampongeza, wa mwalimu akiwa mwalimu tunasema kafuata nyayo. Wa mwanasiasa akiingia siasa inakuwa dhambi?

Mimi mama yangu alikuwa diwani vipindi viwili. Tangu darasa la sita nilikuwa namshikia daftari watu wakija nyumbani alfajiri: huyu anataka barua, yule kapakana vibaya na jirani, mwingine anadai choo cha shule kimetitia. Nikawa naandika jina, shida, tarehe. Mama akirudi kwenye vikao usiku ananiuliza, "Wa choo alisema matundu mangapi?" Nikikosea ananirudisha niwaulize tena. Nilipomaliza kidato cha nne nilikuwa najua bajeti ya kata inavyopitishwa na inakwama kwa nani. Elimu hiyo hakuna darasa linalofundisha. Leo mtu aniambie nisigombee kwa sababu mama yangu alifanya kazi yake vizuri? Hapana jamani.

#4 Mtazamaji

Msisahau Kenya. Kenyatta kamwachia Kenyatta. Kama ufalme tu.

#5 Hesabu Kali

Dada Mkuu #3, methali umeitoa vizuri ila umeiacha nusu. Mwana wa mhunzi *anavukuta* kwanza. Anakaa miaka mbele ya moto anapuliza. Wewe ulishika daftari, umevukuta, heshima yako. Joseph Kabila alivukuta wapi kuongoza nchi ya ukubwa ule? Wengi wa hawa wanapewa nyundo siku ya kwanza, na chuma kishapashwa na wengine.

#6 Bahari Kuu

Mtazamaji #4, hapana ndugu yangu, sema kitu unachokijua. Jomo Kenyatta alifariki Agosti 1978. Baada yake Moi alikaa miaka 24, kisha Kibaki 10. Uhuru mwanawe aliingia 2013, yaani miaka 35 imepita. Na hapo katikati alishaanguka mara mbili: 1997 alikosa ubunge wa Gatundu Kusini, eneo la nyumbani kwao kabisa, na 2002 Moi alimsimamisha kwa urais akapigwa na Kibaki aliyepata zaidi ya asilimia 60. Kwa hiyo jina lilimfikisha kwenye karatasi ya kura, halikumvusha.

Halafu kuna upande wa pili ambao watu hawautaji. Jaramogi Odinga alikuwa makamu wa kwanza wa rais. Raila mwanawe akagombea 1997, 2007, 2013, 2017 na 2022. Hakuwa rais hata mara moja mpaka amefariki mwaka 2025. Ukoo mkubwa kuliko huo ni upi? Na 2022 Ruto alijenga kampeni nzima juu ya maneno mawili, hasla (mhangaikaji) dhidi ya dainasti (koo za watawala), akashinda kwa asilimia 50.49. Mwaka huo huo Gideon, mtoto wa Rais Moi, akapoteza useneta wa Baringo. Sheria ya miaka 20 haikuhitajika, wananchi walifanya wenyewe.

#7 Kalamu Nzito

Bahari Kuu, asante kwa tarehe. Lakini jiulize: Ruto aliyepinga koo alikuwa naibu wa Kenyatta vipindi vyote viwili. Na mpinzani wake mkuu alikuwa Odinga akiungwa mkono na Kenyatta. Mwaka 2022 ni uasi dhidi ya meza ile ile, uliofanywa na mtu aliyekuwa amekaa mezani.

#8 Bahari Kuu

Hilo siwezi kulikataa.

#9 Wakili wa Mtaa

Niingie kisheria kidogo, maana watu wanadhani mleta mada ameota. Kizuizi kama hicho kipo duniani.

Katiba ya Guatemala, ibara ya 186, inawazuia ndugu wa karibu wa rais aliyepo kugombea, na inawazuia pia ndugu wa mtu aliyeshika nchi kwa mapinduzi. Zury Ríos, binti wa Jenerali Ríos Montt, aliondolewa kwenye kinyang'anyiro 2019 kwa kifungu hicho. Lakini 2023 akaruhusiwa. Kifungu hakikubadilika, ilibadilika tafsiri. Ufilipino nako, Katiba ya 1987 inasema dola ipige marufuku koo za kisiasa "kama sheria itakavyofafanua". Sheria hiyo inatakiwa itungwe na bunge lililojaa watu wa koo hizo hizo. Mpaka 2022 ilikuwa haijatungwa ya kugusa urais, na mwaka huo mtoto wa Marcos, yule aliyeondolewa na umma 1986, akachaguliwa rais kwa kura nyingi mno.

Sasa tukirudi Tanzania: ibara ya 39 inataka mgombea urais awe raia wa kuzaliwa, ametimiza miaka 40, na awe amependekezwa na chama. Hakuna neno kuhusu baba. Ukiongeza kizuizi cha nasaba unagonga ibara ya 13 ya usawa na ya 21 ya haki ya kushiriki uongozi. Hata Tamko la Haki za Binadamu la 1948, kifungu cha 2, linakataza kubagua mtu kwa kuzaliwa kwake. Wazee wetu walipigania asizuiwe mtu kwa sababu ya alikotoka. Mtoto wa rais naye ni mtu.

Guatemala pia ndiko mke wa rais alipodai talaka 2011 ili apate kugombea. Mahakama ilimkatalia hata baada ya talaka kutoka.

#10 Kisu Butu

Ndoa ivunjwe halafu na fomu ikataliwe! Mama yule alipoteza vyote viwili kwa mkupuo, pole yake.

#11 Mtazamaji

Bahari Kuu #6, nimekubali nilikosea. Lakini Togo je? Nayo utasema ilikuwa uchaguzi?

#12 Wakili wa Mtaa

Togo ndiyo mbaya kuliko zote. Eyadéma alipofariki Februari 2005, Katiba ilisema Spika ndiye ashike kwa muda. Spika alikuwa nje ya nchi, mipaka ikafungwa, ndege yake ikaishia Benin. Jeshi likamweka Faure, bunge likabadilisha vifungu chapuchapu ili yaliyofanyika yaonekane halali. Jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ECOWAS, ilipobana akajiuzulu ndani ya mwezi huo, Aprili akagombea na kutangazwa mshindi, watu wengi wakauawa kwenye vurugu zilizofuata. Kwa hiyo Mtazamaji, uchaguzi ulikuwepo. Ila ulifanyika wakati mlango umeshafungwa.

#13 Mgombea Mstaafu

Nimesoma kimya kimya tangu mwanzo. Niseme yangu, ngazi ya chini kabisa, maana naona watu wanaongelea ikulu wakati mambo haya yanapikwa kwenye kata.

Niliomba ubunge kupitia kura za maoni za chama. Chama sikitaji. Mshindani wangu mkubwa alikuwa kijana wa mbunge wa zamani wa jimbo lile lile. Mtu mstaarabu, sikumkuta na rushwa, naapa. Nilizunguka miezi minne kwa pikipiki. Kila mjumbe nilimfikia nyumbani, nikakaa, nikasikiliza.

Kuna mama mmoja mjumbe nilimfikia mara tatu. Mara ya tatu akaingia ndani, akatoka na bahasha ya kaki iliyochakaa kwenye kona. Ndani kulikuwa na risiti ya ada ya shule imekunjwa mara nne, wino umefifia, jina la mwanawe bado linasomeka. Akaniwekea kiganjani. Akasema, "Mwanangu, wewe una maneno mazuri kuliko yule. Lakini hii alilipa baba yake mwaka ambao mume wangu amefariki. Mtoto wangu sasa ni muuguzi. Utaniambia niifanyeje hii karatasi?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilimrudishia, nikamshukuru, nikaondoka. Nilipata kura 31. Kijana wa mbunge 214.

Siku zote watu wanasema wajumbe si watu. Mimi siwezi kusema hivyo. Yule mama ni mtu kamili, na alikuwa analipa deni.

#14 Dada Mkuu

Mgombea Mstaafu, pole kaka. Umenigusa mno. Mama yangu naye alikuwa akilipia watu ada kwa posho ya vikao. Sikuwahi kufikiria kwamba zile risiti zingekuwa zinanisubiri mimi.

#15 Hesabu Kali

Hiki ndicho nilitaka kusema na #13 amekisema bila kutumia nadharia. Ukoo ni akiba. Baba anaweka fadhila miaka 15, mwana anachota kwa riba. Na mara nyingi fadhila zenyewe zimetokana na cheo cha umma. Ile ada ilikuwa mshahara wa ubunge, yaani kodi. Wananchi wamemlipia yule mtoto ada kupitia mbunge, halafu shukrani imeandikwa kwa jina la familia. Mgombea mpya anaanza na daftari tupu.

Kwa hiyo Wakili #9, usawa wa ibara ya 13 uko kwenye karatasi. Mmoja anaanza mbio mita 100 nyuma.

#16 Wakili wa Mtaa

Mkuu, tajiri naye anaanza mita 100 mbele. Msanii maarufu naye. Mchungaji mwenye waumini elfu kumi naye. Tutawazuia wote? Dawa ya tatizo la #13 ni ada ya shule isitegemee huruma ya mbunge. Ikiwa haki ya mtoto inapatikana dirishani bila kumjua mtu, ile bahasha inakosa kazi.

#17 Mwalimu Mstaafu

Habari za jioni. Mmetaja Bara, mmesahau Zanzibar, ambako marais wawili ni watoto wa marais.

Mzee Abeid Karume aliuawa Aprili 1972. Mwanawe Amani akawa rais 2000 hadi 2010. Mzee Mwinyi aliongoza Zanzibar 1984 hadi 1985, akaja kwenye Muungano mpaka 1995. Mwanawe Dk. Hussein akaingia Zanzibar 2020. Nafasi ya miaka 28 kwa Karume. Kwa Mwinyi, ukihesabu tangu baba aondoke kiti cha Zanzibar ni miaka 35, ukihesabu tangu aondoke Muungano ni 25. Kwa hiyo hata kanuni ya mleta mada ya miaka 20 isingemgusa yeyote kati yao. Hussein alikuwa bungeni tangu 2000 na amekaa Wizara ya Ulinzi miaka mingi. Ukitaka kusema alipewa nyundo siku ya kwanza, sidhani.

Na kuna mfano wa pili. Mwaka 2015 makada zaidi ya 30 waliomba kuteuliwa na CCM kugombea urais. Makongoro, mtoto wa Baba wa Taifa mwenyewe, alikuwemo. Hakuingia tano bora. January Makamba, ambaye baba yake aliwahi kuwa katibu mkuu wa chama, aliingia. Aliyepitishwa akawa Magufuli, ambaye hakutoka kwenye ukoo wa siasa. Kama jina ndilo linaamua, Nyerere ingekuwa imeshinda asubuhi.

#18 Kalamu Nzito

Mwalimu, shikamoo. Hilo la Makongoro ni zito na nalikubali. Ila naona linanisaidia mimi pia: aliyeamua ni kikao. Kikao kikitaka jina, jina linapita, kisipotaka, linakatwa. Mwananchi wa kawaida anakutana na orodha ikiwa imeshachujwa. Labda nilipaswa kuuliza kuhusu kikao na si kuhusu damu.

#19 Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Uliza yote mawili, mwanangu.

#20 Kisu Butu

Nina nadharia tofauti na ya akiba. Mimi naona ni hofu. Rais anayeondoka anataka mtu ambaye hatamfungulia mafaili. Nani wa kumwamini kuliko mtoto? Ndiyo maana tawala zenye madhambi mengi ndizo zinazorithisha wana. Mstaafu aliyelala usingizi mzuri hana haja.

#21 Bahari Kuu

Kisu, Botswana inakuvuruga hapo. Seretse Khama aliongoza tangu uhuru 1966 hadi alipofariki 1980, na sijasikia akitajwa kwa wizi. Ian hakurithishwa na baba: Masire na Mogae walikuja katikati, yeye akawa mkuu wa jeshi, makamu wa rais 1998, rais 2008. Alipomaliza akagombana na mrithi wake aliyemweka mwenyewe, akakihama chama alichokianzisha baba yake. 2024 chama kikaanguka baada ya kutawala miaka 58. Hofu ya mafaili haikueleza lolote hapo. Nahisi ilikuwa ni chama kilichochoka kinatafuta jina la kukipa uhai.

#22 Hesabu Kali

Na Marekani, kwa wanaodhani ni tatizo la Afrika. Adams baba aliondoka 1801, mwana akaingia 1825. Bush baba 1993, mwana 2001, miaka minane tu. Jeb, ndugu wa pili, alipogombea 2016 mabango yake yaliandikwa "Jeb!" bila jina la ukoo. Alijitoa Februari. Kwa hiyo akiba nayo huisha.

#23 Dada Mkuu

Kuna jambo nyie wanaume mmelipita na mimi siwezi kuliacha. Angalieni wanawake wa kwanza kuongoza nchi barani Asia. Sirimavo Bandaranaike wa Sri Lanka 1960, mumewe aliuawa mwaka uliotangulia. Indira Gandhi wa India, binti Nehru. Corazon Aquino 1986, mumewe aliuawa uwanja wa ndege wa Manila 1983. Benazir Bhutto wa Pakistan 1988, baba yake alinyongwa 1979. Megawati wa Indonesia, binti Sukarno. Wote waliingia kupitia jina la mwanamume aliyekufa au aliyetawala. Mlango mwingine ulikuwa umepigwa kufuli. Sheria ya Kalamu Nzito ingekuwepo wakati ule, baadhi yao tusingewasikia, na wanaume wasio na ukoo wangeendelea kupita kama kawaida.

#24 Kisu Butu

Lakini Afrika tuna Ellen Johnson Sirleaf, Joyce Banda na Samia. Hawakupitia ukoo.

#25 Mwalimu Mstaafu

Kisu, sahihisho dogo. Baba yake Ellen aliwahi kukaa kwenye bunge la Liberia. Si ukoo wa urais, lakini siasa ilikuwa nyumbani. Baba yake Joyce Banda ndiye alikuwa polisi wa bendi. Na kumbuka Banda na Samia wote waliingia kwa sababu rais alifariki wakiwa makamu. Kwa hiyo hoja ya Dada Mkuu kuhusu milango bado imesimama.

#26 Mtazamaji

Na Malawi alikofariki huyo rais, ndugu yake Peter Mutharika akachukua 2014, akaangushwa 2020, akarudishwa 2025. Hapa nimehakiki tarehe kabla ya kuandika, Bahari Kuu.

#27 Bahari Kuu

Ziko sawa ndugu yangu, umenifurahisha.

#28 Kalamu Nzito

Napunguza msimamo. Miaka 20 naiondoa kwa ndugu wanaopita kwenye uchaguzi. Nabaki na moja: hakuna ndugu wa rais *aliye madarakani* kugombea wala kuwa mgombea mwenza. Indonesia 2023 mahakama ililegeza sharti la umri, mtoto wa rais aliyepo akiwa na miaka 36 akapata njia ya kuwa mgombea mwenza, na jaji mkuu alikuwa shemeji wa rais. Aliondolewa ujaji mkuu kwa kukiuka maadili, lakini mtoto akabaki kwenye karatasi na akashinda. Hilo nani ananitetea?

#29 Wakili wa Mtaa

Hilo sikutetei wala sikupingi, nalala nalo. Ingawa tatizo pale lilikuwa shemeji kukaa kwenye kiti cha hukumu.

#30 Mgombea Mstaafu

Wakuu naomba ushauri, kwa kuwa mmenisikiliza vizuri. Yule kijana wa mbunge, ambaye sasa ndiye mbunge, alinipigia wiki iliyopita. Anasema msimu ujao anataka kusogea juu zaidi, na ananiomba niwe meneja wake wa kampeni. Amesema, "Wewe unajua nyumba zote, mimi najua wanaomjua baba tu." Sijamjibu. Nilikuwa nimepanga kuchukua fomu tena.

#31 Dada Mkuu

Mkubalie kaka. Amekiri upungufu wake, wachache wanaweza.

#32 Hesabu Kali

Chukua fomu. Anza kwa yule mama.